Upanga Una Nyumba Yake

Somo: Yohana 18:1–11

Mwenye Biblia karibu na afungue Injili ya Yohana, sura ya 18. Asiye nayo asihuzunike, kwa maana habari yenyewe tunaijua tangu shule ya Jumapili. Ni usiku, ng'ambo ya kijito cha Kedroni, na ndani ya bustani mtu mmoja ameshika mpini wa upanga.

Kabla hatujaingia katika bustani hiyo, nataka tulitazame neno moja la Kiingereza. Neno hilo ni 'unsheathe'. Vijana wetu hulikuta katika vitabu vya shule, na kamusi huwaambia kwa kifupi kwamba ni kuchomoa upanga au kisu katika ala yake. Jibu hilo ni sahihi, wala mwalimu hatalitia mkasi. Lakini neno ni kama muhogo: majani yako juu, chakula kiko chini. Basi tuchimbe kidogo.

Ndani ya neno hilo mna neno jingine, 'sheath', yaani ala, ule mfuko wa ngozi au wa mbao ambamo makali hukaa. Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliuita 'sceath'. Jamaa zao Wajerumani mpaka leo huiita ala 'Scheide', na Waholanzi 'schede'. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hili na mzizi wa kale sana wenye maana ya kukata na kupasua. Hudhani kwamba ala za mwanzo zilikuwa kipande cha mti kilichopasuliwa katikati, makali yakalazwa humo. Katika ukoo huohuo Wajerumani wana kitenzi 'scheiden', kutengana, ambacho hutumika hata kwa mume na mke wanaoachana. Nao Waingereza wana 'shed', ambalo zamani lilikuwa na maana ya kutenga, na siku hizi ndilo wanalosema wakitaja kumwaga damu.

Hebu tutulie hapo kidogo. Ala na kumwaga damu ni watu wa ukoo mmoja! Mti ulipasuliwa ili upanga upate pa kulala. Upanga ukitoka humo, kinachopasuliwa ni mwili. Ama mti, ama mtu. Yashikeni maneno hayo mawili, tutayarudia kabla ya kuagana.

Sasa tazameni mwanzo wa neno, ile 'un-'. Kiingereza kina 'un-' mbili zinazofanana kwa sura. Moja hukanusha, kama katika 'unhappy', asiye na furaha. Nyingine hutangua jambo lililokwisha kufanywa, kama katika 'untie', kufungua kilichofungwa. 'Unsheathe' ni la aina hii ya pili, nalo limo katika Kiingereza tangu karne ya 14. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kushangaa, maana lugha yetu hufanya vivyo hivyo, ila sisi hubadili mwisho wa neno badala ya mwanzo. Tunafunga na kufungua. Tunaziba na kuzibua. Tunakunja na kukunjua. Tunachomeka, na tunachomoa.

Mnaona jinsi neno linavyofundisha? Hakuna achomoaye kitu ambacho hakikuchomekwa. Mwingereza hawezi kutamka kwamba upanga umetoka bila kuitaja ala katika pumzi hiyohiyo. Hata makali yanapong'aa hewani, neno lenyewe bado linakumbuka nyumbani. Ni kama mtoto aliyetoroka, naye huko aliko bado anaitwa kwa jina la baba yake.

Ndugu msikilizaji, ala ina kazi gani? Mtazame mzee wa Kimaasai na sime yake kiunoni, ndani ya ala ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu. Ala ile inazuia sime isipate kutu wala kuwa butu. Inamlinda mzee mwenyewe asijikate akiinama au akikimbia. Inamlinda mtoto anayemrukia babu yake magotini. Yaani ala hailindi adui peke yake. Inalinda upanga, inalinda mwenye upanga, na inawalinda wale anaowapenda.

Hata Muumba ametuandikia somo hili mbugani. Waingereza hulitumia neno hilihili 'unsheathe' kwa kucha za paka. Simba na chui huzificha kucha zao ndani ya ngozi, kama upanga alani, na kwa hiyo hubaki kali. Lakini duma, mshindi wa mbio, kucha zake hazina ala kama hiyo. Hukanyaga nazo ardhi daima. Zinamfaa kwa kukamata ardhi anapokimbia, lakini zimechakaa na kuwa butu. Wako watu wa namna hii. Ulimi wao uko nje tangu alfajiri hadi usiku. Mke amezoea, watoto wamezoea, majirani wamezoea. Siku ambayo mtu huyo ana onyo la kweli la kutoa, hakuna anayegeuza shingo. Makali yasiyo na ala hayakati tena.

Sasa twende bustanini. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 haisemi hapa 'unsheathe'. Inatumia neno fupi zaidi, 'draw', yaani kuvuta. Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inasema kwamba Petro aliufuta upanga. Kijana wa leo akisoma hivyo anaweza kudhani Petro alikuwa akiupangusa kwa kitambaa! La, katika Kiswahili cha wazee wetu kufuta upanga ni kuuvuta kutoka alani. Askari wamekuja na taa na mienge na silaha. Yuda amewaongoza. Petro anaona Bwana wake anakamatwa, na mkono wake unatangulia akili yake. Sikio la kuume la mtumwa wa Kuhani Mkuu linaanguka.

Waandishi wote wanne wa Injili wametaja pigo hilo, lakini ni Yohana peke yake aliyetupa majina. Aliyepiga ni Simoni Petro. Aliyepigwa anaitwa Malko. Naye Luka peke yake ndiye aliyetuambia kwamba Yesu aligusa sikio lile akaliponya. Fikirini jambo hilo. Kabla ya mikono yake kufungwa kamba, kazi ya mwisho ya uponyaji tunayosomewa ni kutibu jeraha lililofanywa na mfuasi wake mwenyewe. Ni mara ngapi Bwana amelazimika kupita nyuma yetu, akiokota masikio tuliyoyakata kwa ajili ya kumtetea yeye!

Tena Yohana ameandika jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kuliona. Soma mstari wa 26 wa sura hiyohiyo. Saa chache baadaye Petro anaota moto uani kwa Kuhani Mkuu. Mtu mmoja anamkazia macho na kumuuliza kama hakumwona kule bustanini. Mtu huyo ni nani? Ni jamaa yake Malko. Sikio limekwisha kupona, upanga umekwisha kurudi alani, lakini jamaa ya aliyekatwa hajasahau uso ule. Ndipo Petro alipokana mara ya tatu, na jogoo akawika. Upanga wake haukumwokoa Yesu. Ulichofanya ni kumpatia Petro shahidi wa kumshitaki usiku uleule.

Wapendwa, kuvuta makali ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuyarudisha ni kazi ya mkono uleule pia. Lakini kilichotokea katikati hakirudi.

Sasa angalieni agizo la Bwana. Hakumwambia Petro autupe upanga katika kijito cha Kedroni. Hakumwambia auvunje juu ya jiwe. Alimwamuru aurudishe mahali unapokaa, ndani ya ala. Upanga una mahali pake. Ndivyo ilivyo kwa vitu vingi vikali ambavyo Mungu ametupa. Hasira ina mahali pake. Paulo katika Waefeso sura ya 4 haondoi hasira yote, bali anaiwekea mpaka wa machweo ya jua. Nguvu za mwili zina mahali pake. Akili kali ya kubishana ina mahali pake. Hata panga lako la shambani ni chombo chema cha kufyeka kichaka na kukata miti ya kujengea boma. Swali ambalo Bwana anakuuliza leo ni hili: hicho kitu chako kikali kikimaliza kazi yake, hulala wapi?

Tusidhani kwamba agizo hilo ni la wanadamu tu. Fungueni Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 21. Daudi amewahesabu watu kwa kiburi, tauni imeingia, wamekufa watu 70,000. Daudi anainua macho na kumwona malaika amesimama kati ya nchi na mbingu, upanga uliofutwa mkononi mwake, umenyoshwa juu ya Yerusalemu. Mfalme anaanguka kifudifudi. Anakwenda kwenye uwanja wa kupuria wa Ornani Myebusi, anakataa kupewa bure, anaununua kwa bei kamili na kujenga madhabahu. Ndipo, katika mstari wa 27, Mungu anamwamuru malaika, naye anaurudisha upanga alani.

Na baadaye pakawa nini mahali pale? Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 3, mstari wa kwanza, unatupa jibu. Hapo ndipo Sulemani alipoanza kuijenga nyumba ya Bwana. Hekalu lilisimama mahali ambapo upanga ulirudishwa. Unataka nyumba yako iwe mahali pa sala? Tafuta pale mlipogombana vibaya zaidi, rudisheni upanga papo hapo, na mjenge hapo.

Sasa nizungumze nanyi juu ya jambo linalotuumiza katika nchi yetu, jambo la ardhi. Wakumbukeni ndugu wawili wa tumbo moja. Baba amefariki, shamba halijagawanywa vizuri, mpaka ni mstari wa miti tu. Asubuhi moja mkubwa anakuta mti wa mpakani umeng'olewa. Haulizi. Anarudi nyumbani mbio na kulivuta panga lililochomekwa chini ya paa. Kwa ajili ya hatua mbili za udongo, mama yao atazika mtoto mmoja na kumtembelea mwingine gerezani. Ni nani kati yetu asiyejua kijiji ambako jambo kama hili limetokea?

Basi sikilizeni neno la Kiebrania. Biblia ya Kiebrania inapotaka kusema kwamba mtu amechomoa upanga, mara nyingi hutumia kitenzi 'shalaf'. Ndicho kilichotumika kwa malaika yule wa Daudi, na kwa malaika aliyemzuia Balaamu njiani. Lakini kitenzi hichohicho kimo pia katika Kitabu cha Ruthu, sura ya 4. Boazi ameketi langoni pamoja na wazee kumi wa mji. Kuna shamba la marehemu Elimeleki, na kuna jamaa wa karibu mwenye haki ya kulikomboa. Jambo linasemwa wazi mbele ya mashahidi. Jamaa yule anaona hawezi, na kwa desturi ya Israeli anavua kiatu chake na kumpa mwenzake kuwa ushahidi. Na neno lililotumika kwa kuvua kiatu kile ni 'shalaf', lilelile la kuchomoa upanga.

Mkono ni uleule, na kitenzi ni kilekile. Mmoja kwa ajili ya ardhi anachomoa upanga. Mwingine kwa ajili ya ardhi anachomoa mguu katika kiatu, mbele ya wazee, mchana kweupe, na jambo linakwisha. Katika jambo la Ruthu hakuna aliyezikwa. Alizaliwa mtoto, Obedi, babu yake mfalme Daudi. Mwenye shauri la mpaka, nakusihi, liache panga paani. Waite wazee, mwite chifu, mwite mpima ardhi na mchungaji wako, mketi langoni.

Na kijiji kikiweza kushindwa, taifa nalo laweza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliosaidiana kuvuna walivutiana makali. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki iliandika idadi ya waliokufa: watu 1,133. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano, Kofi Annan akiwa msuluhishi, na tukaona upanga ukianza kurudi alani. Tulimshukuru Mungu. Lakini kumbukeni jamaa yake Malko kando ya moto. Mapatano hutiwa sahihi kwa siku moja. Nyuso hukumbukwa miaka mingi. Kwa hiyo kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, Mkristo awe mtu wa kwanza kukataa kuufuta upanga, hata ule wa mzaha, hata ule wa jina la dharau juu ya kabila la mwenzake.

Nimetaja dharau, basi nigeukie upanga ambao kila mmoja wetu ameuleta hapa. Mithali 12:18 inayafananisha maneno ya mtu asiyefikiri na machomo ya upanga, na Zaburi ya 64 inawataja watu wanaonoa ndimi zao. Mungu ameuwekea ulimi ala ya ajabu: meno mbele, midomo juu yake. Na bado unatoka! Mume anarudi nyumbani amechoka, chakula kimechelewa, na neno moja linavutwa juu ya wazazi wa mke. Mama anamwambia binti yake aliyeshindwa mtihani kwamba hana faida. Neno hilo limechukua nukta mbili kutamkwa, na binti huyo atalibeba hata akiwa bibi mwenye wajukuu.

Ukiona hasira inapanda, ukubali kunyamaza mpaka umalize kuomba sala moja fupi. Hiyo ndiyo ala. Ukiwa umekwisha kusema, usingoje siku tatu; mfuate uliyemkata, umguse sikio. Maneno 'nisamehe, mama' au 'nisamehe, mwanangu' hayana makali, lakini yanafunga jeraha.

Nimalizie na habari njema kwa mtu ambaye upanga wake umekwisha kukata. Petro hakutupwa. Yohana, aliyeandika kwa Kiyunani, alitumia kwa upanga wa Petro kitenzi chenye maana ya kuvuta. Kitenzi hichohicho alikitumia katika sura ya 21, baada ya ufufuo, Petro huyohuyo alipolivuta jarife pwani likiwa na samaki wakubwa 153, wala halikupasuka. Mkono uliovuta upanga gizani, asubuhi ulivuta jarife. Hapo ufukoni palikuwa na moto mwingine wa makaa, na safari hii hakuna aliyemshitaki. Aliulizwa tu, mara tatu, kama anampenda Bwana.

Tena mara nyingine Yohana amekitumia kitenzi hicho, katika sura ya 12, mstari wa 32. Yesu anasema kwamba atakapoinuliwa juu ya nchi atawavuta watu wote kwake. Je, mnakumbuka yale maneno mawili, ama mti, ama mtu? Pale Kalvari mti ulisimamishwa, na Mtu akapasuliwa juu yake. Mkuki ukaingia ubavuni mwake. Aliyemkataza Petro kuvuta makali alikubali makali yaishie kwake mwenyewe, ili anapotuvuta, asituvute kwa upanga.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unajua leo mkono wa nani uko juu ya mpini. Tulia juu ya mkono huo. Waponye wale tuliowakata tukidhani tunakutetea. Ziangalie nyumba zetu, mipaka ya mashamba yetu na nchi yetu ya Kenya, na kila kilichochomolewa kwa hasira ukirudishe mahali pake. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.